Farasi 400 ndani ya foleni ya Msimbazi

*Magari ya kifahari yanayochanganya petroli na umeme wa kuchomeka ukutani yamefika katikati ya Dar es Salaam. Kwenye foleni ya Kariakoo ndiko yanakofaa kuliko popote. Shida ni mahali pa kuyachomekea, na kodi inayoangalia ukubwa wa injini.*

Na Mwandishi Wetu

Saa kumi na moja jioni, Mtaa wa Msimbazi haupitiki. Guta lililojaa maboksi ya viatu linakatiza barabara bila dereva wake kugeuza shingo. Bajaji tatu zinagombea upenyo wa moja. Basi la mwendokasi linapiga honi mfululizo kuwaondoa watu waliokwishaifanya njia yake kuwa ya waenda kwa miguu. Katikati ya vurugu hiyo, nyuma ya kirikuu kilichosheheni marobota ya vitenge, imekwama Range Rover Sport nyeusi, namba E.

Kijana mwenye mzigo kichwani anapita mbele yake, kiganja kimoja kikiwa juu ya boneti. Anageuka kuitazama tena. Gari linasogea, lakini halina mlio wowote. Si kwamba injini ni ya kistaarabu, injini imezima.

Sababu iko usoni mwa gari lenyewe. Kwenye grili, nyuma ya nembo ya kijani ya Land Rover, kuna kifuniko cha kusogeza pembeni. Chini yake kuna tundu lenye pini saba. Hapo ndipo gari huchomekwa umeme, kama simu.

Hii ni P400e, toleo lililotangazwa Oktoba 2017. Ndani yake kuna injini ya petroli ya silinda nne yenye cc 1,997, mota ya umeme ya kilowati 85 na betri inayobeba uniti 13.1 za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU. Injini na mota zikisaidiana, zinatoa nguvu za farasi 404. Gari lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu linatoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 6.7. Pale Msimbazi, sekunde 6.7 hazitoshi hata kulipisha guta.

Gari la namna hii lina kazi gani Kariakoo? Jibu la haraka ni kwamba ni mbwembwe za matajiri. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linaacha mengi, na mojawapo linagusa mfuko wa kila anayeagiza gari, hata aliyeagiza kigari chake cha kwanza kwa mkopo wa Saccos.

Foleni ndiyo sehemu yake

Tuanze na sifa, maana zipo. Injini ya petroli hunywa mafuta hata gari likiwa limesimama. Kwenye foleni ya Uhuru, Lumumba au Msimbazi, sehemu kubwa ya mafuta inaishia kwenye kusubiri, kusogea hatua tano na kufunga breki. Ndiyo maana gari linalosifiwa kwa ulaji mdogo safari ya Morogoro linageuka mlafi likiingia mjini.

Mota ya umeme haina tabia hiyo. Gari likisimama, haizunguki. Likisogea, inatoa nguvu palepale bila kupanda gia. Dereva akifunga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingepotelea kwenye breki pedi kama joto inakuwa chaji.

Haibridi za kawaida, Prius na Aqua ambazo Dar es Salaam imezizoea, zinafanya hayohayo kwa kiasi kidogo. Betri ya Prius ya zamani inabeba uniti 1.3 tu, inasukuma gari kwa muda mfupi, kisha injini inaamka. Gari la kuchomeka lina betri kubwa mara kumi, na linaweza kumaliza safari nzima ya mjini bila injini kuwaka. Kwa kipimo cha maabara cha wakati ule, P400e ilipewa kilomita 51 kwa umeme peke yake.

Barabarani haifiki huko. Kwa uzito ule na joto letu, kilomita 30 hivi ndizo za kutegemea. Kiyoyozi nacho kina sehemu yake: saa mbili za foleni na vioo vimefungwa zinaweza kula uniti tatu au nne kabla gari halijavuka Jangwani. Hata hivyo, anayetoka dukani Kariakoo kwenda kulala Masaki na kurudi asubuhi anazunguka kilomita zisizozidi 20. Kwa hesabu hiyo, tajiri wa Kariakoo anaweza kukaa wiki nzima bila kuingia sheli.

Na gharama? Mteja wa TANESCO wa kundi la T1 hulipa Sh292 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inakuwa takribani Sh356. Kujaza betri tupu, pamoja na umeme unaopotea njiani, kunahitaji uniti kama 15, yaani Sh5,300 hivi. Umbali wa kilomita 30 hizo kwa petroli, kwa gari la uzito huo kwenye foleni, unataka lita nne hadi tano. Lita ikiwa Sh3,000, hiyo ni Sh12,000 mpaka Sh15,000. Na wengi hawajaisahau Agosti 2022, lita ya petroli Dar es Salaam ilipogonga Sh3,410.

> Uniti 75 za mwezi za mteja mdogo wa D1 zingeisha kwa kulijaza gari hili mara tano.

Kwamba mwenye gari la mamilioni kwa mamia anahitaji kuokoa Sh8,000 kwa kila chaji ni jambo la kucheka kidogo. Lakini Kariakoo ina watu wanaohesabu hata kamba ya kufungia robota. Usiwadharau.

Kutoka Jumapili bila magari hadi shangingi

Jiji hili limewahi kuishi maisha ya kinyume kabisa. Katika miaka ya uhaba wa mafuta, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekwishawabana viongozi kuhusu mali, na gari kubwa lilikuwa kitu cha kulieleza, si cha kulionesha.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya 1984, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mitumba ya Japani ikaanza kushuka bandarini. Kariakoo ikawa duka la nchi nzima, na Gerezani ikawa stoo yake ya spea. Serikalini likaingia shangingi, Land Cruiser lenye vioo vya giza, ambalo kwa miaka mingi limekuwa kipimo cha cheo. Juni 2022, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alilalamikia gharama za kuyanunua na kuyahudumia magari ya umma, akapendekeza watumishi wakopeshwe fedha wanunue ya kwao.

Mfanyabiashara wa Kariakoo hakusubiri mkopo huo. Kwa miaka hii gari lake limekuwa Harrier, kwanza "tako la nyani", kisha "Anaconda", na mambo yakikaa vizuri, Range Rover kutoka Uingereza. Uingereza usukani uko kulia kama kwetu, na ndiko linakotoka gari letu la kuchomeka.

Gari lililozaliwa na kodi

Kwa nini kiwanda kilichozoea injini za V8 kikaamua kutia injini ya silinda nne na betri kwenye gari la tani mbili na nusu? Mazingira yanatajwa sana. Hesabu za kodi hazitajwi sana, nazo ndizo nzito.

Uingereza, mfanyakazi anayepewa gari na kampuni hulipia kodi kulingana na moshi uliopimwa maabara. Range Rover ya P400e ilipewa gramu 64 za hewa ya ukaa kwa kilomita, kiwango ambacho hata gari dogo la petroli halikifikii. Jinsi namba ilivyopatikana ni rahisi: kwenye mashine ya kupimia, gari huanza likiwa na betri iliyojaa. Kipimo hakijui kama mwenyewe atalichomeka akifika nyumbani.

Wengi hawakulichomeka. Mwaka 2018 Uingereza ilizungumzwa sana habari ya magari ya kampuni yaliyorudishwa baada ya mkataba wa miaka mitatu, kebo za kuchajia zikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni ndani ya buti. Mwaka huohuo serikali yao ikaondoa ruzuku kwa magari ya aina hii. Machi 2024, Kamisheni ya Ulaya ilichapisha takwimu kutoka kwenye kompyuta za magari yenyewe: moshi halisi wa magari ya kuchomeka ulikuwa mara tatu na nusu ya ule wa maabara.

> Kodi ya London ilifuata kipimo cha maabara. Kodi ya Dar es Salaam inafuata cc. Hakuna inayouliza kama gari linachomekwa.

Magari hayo yakishamaliza mkataba huuzwa mnadani. Mengine hupandishwa meli. Kwa hiyo mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kupata gari ambalo betri yake haikutumika vizuri hata siku moja, na ambalo sababu ya kuundwa kwake ilikuwa fomu ya kodi ya mtu wa Birmingham. Likifika bandari yetu, linakutana na fomu nyingine.

Forodhani wanahesabu cc

Kodi za gari lililotumika zinajulikana kwa wengi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani pamoja na usafiri na bima. Halafu inakuja kodi ya bidhaa, ambayo kiwango chake hufuata ujazo wa injini: cc 1,000 kushuka chini ni sifuri, kutoka hapo hadi cc 2,000 ni asilimia 5, kuzidi cc 2,000 ni asilimia 10. Gari la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15, na la zaidi ya miaka kumi asilimia 30. Mwisho ni VAT ya asilimia 18 juu ya vyote.

Chukua magari mawili. La kwanza ni Harrier ya 2005 yenye injini ya cc 2,362 na nguvu za farasi 160, gari la mwalimu mkuu au mwenye fremu mbili za nguo. La pili ni P400e ya 2020, farasi 404.

Harrier imevuka cc 2,000, hivyo inalipa asilimia 10. Imevuka miaka kumi, inaongezewa 30. P400e ina cc 1,997. Pungufu ya cc tatu tu, imeangukia kundi moja na IST na Aqua: asilimia 5, bila nyongeza ya umri.

Ukipiga hesabu ya karatasini, ukiacha tozo ndogondogo, kila Sh100 za thamani ya Harrier ile zinazaa kodi ya Sh106.5. Kila Sh100 za thamani ya Range Rover zinazaa Sh55.

Tuseme haki: kwa shilingi taslimu Range Rover inalipa zaidi, na pakubwa, kwa kuwa thamani yake ni kubwa. Nyongeza ya umri nayo ina sababu ya kueleweka, kuzuia nchi isiwe dampo la magari chakavu. Lakini ngazi ya cc ilipangwa zamani, wakati injini kubwa ilimaanisha gari kubwa, tajiri mkubwa na ulaji mkubwa wa mafuta. Turbo na betri vimevunja uhusiano huo. Volvo XC90 T8 ina cc 1,969 na nguvu za farasi 400 na ushee. BMW X5 xDrive40e ina cc 1,997 na farasi 313. Yote yamekaa chini ya mstari wa 2,000.

Cha ajabu, mstari huohuo unawaumiza waliochagua kwa kiasi. Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, iliyoingia sokoni Japani Januari 2013, ilikuwa na injini ya cc 1,998. Mwaka 2018 Mitsubishi wakaweka injini ya lita 2.4, si kwa ajili ya mbio, bali ili ifanye kazi kwa utulivu zaidi na betri kubwa kidogo. Kwa kipimo cha cc, toleo jipya lenye betri kubwa linapanda kutoka asilimia 5 hadi 10.

Wapo wanaotetea mfumo ulivyo, na hoja yao si nyepesi. Cc imeandikwa kwenye kadi, haibishaniwi. Ukianza kupima farasi, moshi au afya ya betri, unafungua dirisha la mabishano kati ya wakala wa forodha na ofisa, na mabishano ya namna hiyo bandarini yana bei yake. Kariakoo, iliyofunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 kulalamikia mambo ya kodi, haitamani dirisha jingine la mazungumzo.

Tundu liko ghorofani, gari liko barabarani

Hata likipita forodhani salama, gari linakutana na Kariakoo yenyewe.

Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita, uani kukiwa na jiko na choo. Juu ya viwanja vilevile sasa yamesimama maghorofa. Chini fremu, juu fremu, juu zaidi stoo, juu kabisa vyumba vya kupanga au gesti. Kila hatua ya sakafu ina kodi yake ya mwezi. Penye maduka chini ya ardhi, panauzwa vitu; hakuna mwenye akili ya biashara atakayelaza gari mahali panapoweza kulaza kontena la bidhaa.

Gari basi linalala barabarani, chini ya jicho la mlinzi na mashine ya maegesho ya TARURA. Mita ya LUKU iko ghorofa ya tatu, mara nyingi ya kuchangia, na ugomvi wa nani amemaliza uniti za nani haukuletwa na magari ya umeme.

Kuna atakayesema: shusha ekstensheni dirishani. Hapana. Chaja ya kawaida ya P400e inavuta ampea 10 kwa zaidi ya saa saba mfululizo. Ekstensheni nyembamba ya kuchomekea feni na redio, ikiwa imeviringishwa na jua la mchana likiwa juu yake, inapata moto wa kuyeyusha plastiki. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka na kuua watu zaidi ya 20, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Mitaa iliyopitia hayo haihitaji nyaya zinazoning'inia kwa ajili ya Range Rover.

> Anayelala Masaki ana geti, ukuta na soketi. Anayelala Kariakoo ana foleni tu.

Kwa upande wa gridi hofu imepungua. Mgawo wa umeme wa 2022 na 2023 haujasahaulika, lakini Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024, na mwaka uliofuata mitambo yote tisa ikawa imekamilika, jumla megawati 2,115. Umeme upo. Ila umeme wa Rufiji unaofika Kariakoo hukutana na transfoma ya mtaa, na transfoma ya mtaa ndiyo inayojua ni viyoyozi vingapi vimeongezwa tangu mwaka jana.

Gerezani, chini ya boneti

Kuna mambo ambayo gari jipya halisemi na la mkononi husema kwa sauti. Mahali pa kuyasikia ni Gerezani, ambako spea zinapangwa kutoka sakafuni hadi darini na kijana wa duka anaitambua bampa ya modeli yoyote kwa kuigusa.

Mafundi wa mjini wameizoea haibridi kuliko watu wanavyodhani. Wanajua kwamba betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, kwamba feni yake inavuta hewa kupitia kitobo pembeni ya kiti, na kwamba vumbi la Dar es Salaam na nyuzi za mazulia huziba kitobo hicho hadi betri ichemke. Wanajua kufungua pakiti, kupima seli moja moja, kutoa mbovu na kuweka nzima. Wanajua pia kwamba gari linaloonekana kufa kabisa mara nyingi limeishiwa betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida, na betri kubwa haina tatizo.

P400e ni darasa jingine. Betri yake ni ya lithiamu, inafanya kazi kwa mamia ya volti, na nyaya zake zina ganda la rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni onyo. Kabla ya kugusa, fundi anatakiwa kuchomoa kiunganishi cha usalama, kusubiri dakika kadhaa chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe, kupima kwa mita na kuvaa glavu za kuhimili volti 1,000. Katika gereji ambako spana inaokotwa mchangani, masharti hayo yanaweza kuonekana madoido. Volti 300 za mkondo wa moja kwa moja haziachii mkono uliozishika.

Halafu kuna kupoza. Betri ya gari hili hupozwa kwa kimiminika, na kimiminika hupozwa na gesi ya kiyoyozi kilekile cha abiria. Maana yake, gesi ya AC ikivuja, anayeumia si abiria peke yake. Dereva wa mjini aliyezoea kusema "AC nitatengeneza mwezi ujao, nafungua vioo" anaweza kuwa anafupisha maisha ya kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari. Dar es Salaam ya Januari na Februari ina joto la kuitesa betri hata bila uzembe huo.

Pa kujifunzia hayo si mbali: VETA Chang'ombe iko karibu, DIT iko karibu zaidi, pembeni ya Mnazi Mmoja. Fundi wa Gerezani anaweza kufika DIT kwa miguu. Kama kuna somo linalostahili kupelekwa kwa mafundi wa mtaani jioni, kwa Kiswahili, na cheti kinachotambulika na kampuni za bima, ni hili la nyaya za rangi ya chungwa.

Njia ya Japani

Wapo watakaosema Range Rover ina sifa zake za kuharibika, waachane nayo, wasubiri Toyota. Wana hoja. Oktoba 2022 Toyota walitoa Harrier ya kuchomeka Japani: injini ya cc 2,487, nguvu za farasi 306, betri ya uniti 18.1 na kilomita 93 za umeme kwa kipimo chao. Bei yake ikiwa mpya ilikuwa yeni milioni 6.2. Kwa jiji linaloabudu Harrier, hilo ndilo litakalofanya kuchomeka gari kuwa jambo la kawaida, si la Waingereza.

Lakini lina mitego yake. Gari la Uingereza lilizoea umeme wa volti 230 na plagi ya pini tatu za mraba, sawa na yetu. Kebo yake inaingia kwenye soketi ya Dar es Salaam bila maswali. Gari la Japani linakuja na kebo ya volti 200 na plagi ambayo hapa haina pa kuingia. Kukata plagi na kufunga ya kwetu ni kazi ya dakika tano kwa fundi yeyote wa Kariakoo, na ndiyo sababu ya kuogopa: chaja iliyoandikwa 200 haifai kulishwa 230 kwa kubahatisha. Soketi ya ndani ya gari, inayoweza kutoa wati 1,500 nyumbani umeme ukikatika, inatoa volti 100. Friji yako haitawaka bila transfoma ya kupandishia.

Na cc 2,487? Asilimia 10. Harrier inayotembea kilomita nyingi zaidi kwa umeme inalipa kiwango cha juu kuliko Range Rover yenye betri ndogo na farasi mia zaidi.

Majirani wameanza kuchora mistari

Rwanda ilifungua mlango mwaka 2021 kwa kuondoa kodi kwenye magari ya umeme, na haibridi zikapita humohumo. Mwaka 2025 ikarudi nyuma kwa haibridi: kodi ya bidhaa ikarejea, ikipanda kadiri gari linavyozeeka. Kenya ilishusha kodi ya bidhaa ya magari ya umeme mtupu hadi asilimia 10 mwaka 2019, na 2023 ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia, nafuu zaidi usiku. Ethiopia ilikwenda mbali kuliko wote; Januari 2024 ilitangaza kuzuia kuingizwa kwa magari binafsi ya mafuta.

Rwanda ndiyo ya kuangalia, kwa sababu iliona kitu ambacho Ulaya ilichelewa kukiona: haibridi ikipewa zawadi ya gari la umeme, watu hununua haibridi na kuendelea kujaza petroli. Kwetu hatukutoa zawadi hiyo makusudi. Tumeitoa kwa bahati, kupitia mstari wa cc 2,000.

Kuurekebisha si lazima kuanzishe mashine mpya bandarini. Uniti za betri zimeandikwa kwenye nyaraka za kiwanda kama cc zilivyoandikwa, na kilowati za injini pia. Mfumo wa TRA wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika tayari unatambua modeli, mwaka na aina ya mafuta. Farasi 404 zinaweza kuhesabiwa kama farasi 404, na betri ya uniti 18 ikapewa unafuu ambao betri ya uniti moja haistahili. Walio na hofu ya mabishano wana haki ya kuogopa, lakini mabishano ya sasa yamefichwa tu, na anayeyalipia ni mwenye Harrier ya 2005.

Kwa mnunuzi ambaye hela yake iko mkononi leo, ushauri wa mwandishi huyu hauna siasa. Mwenye godauni Gerezani, geti lake, umeme wa fezi tatu na fundi umeme anayefunga soketi ya peke yake kwa waya mnene, halafu analala Masaki, Upanga au Mikocheni, gari hili linamfaa. Kwa safari zake atasikia injini siku ya kwenda Bagamoyo. Kabla ya kulipa adai kebo, adai ripoti ya afya ya betri iliyosomwa na kompyuta, na awashe AC aiache dakika 20.

Anayeegesha Mtaa wa Mchikichi na kupandisha ngazi kwenda kwenye mita ya kuchangia anunue haibridi ya kawaida. Inajichaji yenyewe kwenye foleni, na fundi wake yuko mtaa wa pili.